Gofu la Fukuchani na Yaliyonenwa Juu Yake

Kusini ya Kendwa, pwani ielekeayo kisiwa cha Tumbatu, pana gofu la nyumba ya mawe mahali paitwapo Fukuchani. Na si mbali nalo pana jingine kubwa zaidi, huko Mvuleni. Yote mawili huhesabiwa kuwa ya karne ya 16, nayo yameitwa siku nyingi nyumba za Wareno. Nataka kulipima jina hilo, maana laonyesha upungufu wa maandiko mengi juu ya majengo ya pwani yetu.

Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na Ngome ya Mombasa ikawatoka mwaka 1698. Basi mtu akiona ukuta wa zamani zile husema, "Ni kazi yao," akatosheka. Ajaye nyuma hunakili, na wa tatu humnakili wa pili. Kwa njia iyo hiyo misikiti na majumba ya mawe yalipewa Waajemi au Waarabu, wala mwenyeji hakuachiwa ila kibanda cha udongo na makuti. Siku hizi wako wachunguzi wasemao nyumba hizi ni za Waswahili, na wengine hawajaliacha jina la Wareno. Lakini hata kuligeuza jina ni kunakili tu, kama aligeuzaye hakupima.

Kwanza tutenge maswali mawili yaliyochanganywa: nani alikuwa mwenye nyumba, na nani aliijenga? Mgeni aweza kuwa na fedha, na mwashi akawa mtu wa Tumbatu. Kuta za Fukuchani ni za matumbawe, milango ina matao, na chumbani mna mashubaka ya pembe nne. Mambo hayo si mageni kwa fundi wa pwani. Tena kuna shahidi asiyeulizwa, nayo ni boriti. Nyumba za mawe za Waswahili zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu dari hulala juu ya boriti za mikoko, nazo hazifai kuvuka nafasi ipitayo mita 3 hivi. Apimaye upana wa chumba amekwisha kusikia neno la fundi. Naye Mark Horton alipochimba Fukuchani alikuta makazi yaliyoitangulia nyumba ile kwa mamia ya miaka. Hapakuwa nyika tupu iliyongoja mgeni.

Zaidi ya yote nayapenda matundu ya ule ukuta uizungukao nyumba. Wengine wasema ni ya kupigia bunduki. Wengine, ni ya kushikia miti ya ulingo wa kusimamia. Mimi naongeza la tatu: mwashi ajengaye ukuta mrefu huacha matundu ya jukwaa lake. Mambo haya hayaamuliwi mezani. Tundu la bunduki sharti lipenye ukuta, liwe kimo cha mtu au cha ulingo wake, tena limwonyeshe adui ajako. Matundu ya miti hufuatana kwa usawa mmoja.

Kitabu cha Peter Garlake cha mwaka 1966, juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, chasifiwa kwa haki, kwa kuwa ramani zake zamfaa hata asiyekubali hukumu zake. Hicho ndicho kipimo changu cha maandiko ya namna hii: maoni yakianguka, je, kitabaki kitu? Na haraka ipo, maana majengo hayatungoji. Jumba la Ajabu, alilolijenga Sayyid Barghash mjini mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, nalo lilikuwa mashuhuri kuliko yote. Gofu la shamba litaombolezwa na nani?

Mwalimu aliye karibu na Kendwa ahitaji kamba, kijiti chenye alama na daftari. Wanafunzi waandike kila tundu: kimo chake toka chini, kina chake, kama lapenya au halipenyi. Kisha waashi wazee wawili waulizwe mbalimbali, kila mmoja peke yake, wala wasiambiwe habari za Wareno kabla hawajajibu.