Nani Kapokea Kijiti cha Shaaban Robert?

Sisi wasomaji wa pwani tuna swali tusilochoka kuliuliza: nani kapokea kijiti cha Shaaban Robert? Mtu wa Tanga akitoa diwani, au hata riwaya, swali hilo humfuata kabla kitabu hakijafunguliwa. Naliona ni swali baya, na ubaya wake unaonekana ukikitazama kijiti chenyewe.

Tuanze uwanjani. Katika mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, kijiti kina urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50. Makabidhiano hufanyika ndani ya eneo la mita 30 tu. Mwamuzi huangalia kijiti kilipo, haangalii miguu ya wakimbiaji. Anayepokea hangoji amesimama. Huchomoka mwenzake akiwa bado nyuma, akanyoosha mkono bila kugeuka, na kwa hatua chache wote wawili huwa mbioni. Akingoja akabidhiwe ndipo aanze kukimbia, timu imekwisha.

Tunapotumia msemo huu katika fasihi, sehemu hiyo tunaiacha. Tunamwona mzee ameketi na kijana amepiga magoti, kijiti kikishuka kutoka juu. Hapo hakuna mbio, kuna kutawazwa.

Kipo kijiti cha pili, cha kiongozi wa okestra. Hakitoi sauti wala hakipokezanwi. Hubaki kwa mtu mmoja, na wengine wote hufuata mapigo yake. Zamani wengine walitumia fimbo nzito wakigonga sakafu. Huko Ufaransa, mwaka 1687, Jean-Baptiste Lully alijigonga mguu kwa fimbo hiyo, kidonda kikaoza, akafa.

Nadhani Shaaban tumemshikisha kijiti hiki cha pili huku tukidai ni kile cha kwanza. Vijana tunawahesabia mizani kwa mkono wake. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wapinzani walisema mashairi yake si mashairi kwa kuwa hayafuati vina na mizani. Mabishano hayo yameendelea kwa miaka mingi, na jina la Shaaban limekuwa likiinuliwa ndani yake kama fimbo.

Ajabu ni kwamba Shaaban mwenyewe hakuishi hivyo. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akalelewa na ushairi wenye kanuni zake, lakini hakukaa humo peke yake. Aliandika insha, hadithi ndefu kama *Kusadikika*, na tawasifu. Tena alikutana na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, siku za mwisho za uhai wake, akaandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950. Mshairi alikuwa na kazi yake tayari, na mwimbaji alikuwa bado na pumzi ya kusimulia. Mita 30 ni hizo.

Mfano mwingine ni taarabu ya Tanga yenyewe. Black Star na Lucky Star hawakungoja kutumwa na okestra za Unguja. Walishika magitaa ya umeme, wakaingiza mapigo ya rumba, na sauti ya Shakila ikasikika mbali. Unguja nako Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliendelea kupiga kwa mtindo wake. Hakuna aliyelazimika kusimama ili mwingine aanze.

Shaaban alifariki mwaka 1962. Mkono wake haunyooki tena, na yeyote aliyepokea kitu kwake alipokea zamani. Kijana anayeandika leo Ngamiani au Pangani akipimwa kwa swali letu, ana njia mbili tu: kumwiga marehemu, au kuambiwa hafai. Nahofia wengi huchagua ya kwanza, wakaandika tungo zenye vina safi ambazo hazisemi lolote juu ya mji wanaoishi.

Ningependa wakosoaji tumwulize mwandishi huyo maswali mengine. Alianza kukimbia lini? Anaelekea wapi? Na ni mwandishi gani aliye hai, aliyemtangulia kidogo, anayesoma rasimu zake na kumwambia ukweli? Kwa Tanga ya leo, hilo la mwisho linanitia wasiwasi kuliko yote.