Riwaya Inayoitwa POE

Kazi ya kubuni ambayo nimeisoma zaidi ya nyingine yoyote miaka hii miwili haina jina la mwandishi kwenye jalada. Inakaa rafuni ikiwa imepangwa kwa namba ya usajili, na wasomaji wake ni watatu tu: aliyeiandika, mkaguzi wa ndani ya chuo, na mkaguzi anayetoka nje. Wakufunzi wanaiita POE, herufi moja moja. Ni faili ya ushahidi kwamba mwanafunzi wa ufundi ameiweza kazi aliyofunzwa: picha, karatasi za maswali, orodha zilizotiwa tiki, sahihi. Nataka kuihakiki hapa vile tunavyohakiki riwaya, kwa sababu nimesaidia kuiandika na sijivunii kila ukurasa.

Nilikuwa nafundisha stadi za mawasiliano kwa malipo ya saa, chuo kimoja upande wa Meru na kingine upande wa Embu. Saa za chuo kimoja hazingelipa nyumba. Kwa hivyo kila Jumatano jioni nilikuwa kwa matatu: Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, faili zimenilalia mapajani kama mtoto wa wenyewe. Vyuo vyenyewe sitavitaja.

Tuanze na lugha. POE ni riwaya isiyo na mtendaji. Kiungo kilichomelewa. Usalama ulizingatiwa. Vifaa vilirudishwa. Na nani? Mwanafunzi anatokea kama mikono tu kwenye picha, mwalimu anatokea kama sahihi. Hakuna anayeungua kidole, hakuna elektrodi zinazoisha, stima haipotei hata siku moja. Karakana niliyoijua mimi stima ilikuwa inapotea hadi tukazoea kufundishia nje, chini ya mti. Mashine ya kuchomelea ilikuwa moja, wanafunzi 34. Siku ya picha walipanga laini, kila mmoja akavaa kofia ileile, akashika kipande kilekile cha chuma, akapigwa picha, akampisha mwenzake. Kipande hicho kilikuwa kimechomelewa na msichana mmoja, fundi wa kweli. Kazi yake moja ikawa ushahidi wa watu 34.

Halafu kuna wakati wa masimulizi. Tarehe ni za Februari, Machi, Mei, lakini wino ni mmoja, mwandiko una haraka moja, ile ya wiki moja kabla ya mkaguzi kufika. Msomaji makini anaona. Mkaguzi pia si mjinga, anaona. Sijui kama kuna fasihi nyingine Kenya ambayo mwandishi na mhakiki wanaelewana kimyakimya hivyo.

Na nisieleweke vibaya: wazo lenyewe nalipenda. Zamani mtu angeweza kupita mtihani wa kuchomelea kwa kueleza vizuri kwenye karatasi jinsi watu wanavyochomelea. Mtaala wa umahiri, unaosimamiwa na CDACC, baraza lililotokana na Sheria ya TVET ya 2013, ulikuja ukasema: usinieleze, nionyeshe. Hata hukumu yake ya chini ni ya kibinadamu. Haisemi umeanguka, inasema bado hujaweza. Hilo "bado" ndilo neno zuri kuliko yote katika faili nzima.

Lakini kuonyesha kunataka chuma. Kwa miaka kadhaa karo ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka: 30,000 za serikali na 26,420 za mzazi. Zile za serikali zikichelewa, na huwa zinachelewa, chuo kinanunua nini kwanza? Karatasi. Rimu ni rahisi kuliko chuma, na karatasi ndiyo mkaguzi atasoma. Hapo ndipo utanzu huu unazaliwa. Hauzaliwi na walimu waongo, watu wanavyopenda kusema.

Eneo lenyewe lina historia na faili. Embu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ule uliopanda kupitia Meru hadi Moyale. Mambo mengi ya mwalimu wa Meru yalikuwa yanateremka Embu kutafuta sahihi. Mkoa umeisha, sasa kuna kaunti, lakini Shule ya Serikali ya Kenya bado ina kampasi Embu, pale maafisa wanaenda kufunzwa uongozi na kazi za ofisi. Zile Jumatano nilikuwa naona kama ninapeleka faili nyumbani kwao.

Fasihi yetu ilishamwona mwalimu wa aina hii. Munira, mwalimu wa shule ya msingi katika Petals of Blood ya Ngũgĩ (1977), tunamkuta akiandika maelezo akiwa ndani ya seli, yasomwe na inspekta. Mwalimu anayeandikia ofisi. Tofauti ni kwamba Munira alipewa nafasi ya kusema "mimi". Mkufunzi wa ufundi, kusema kweli, simkumbuki katika riwaya yoyote niliyosomeshwa.

Kuna mzee mmoja wa umeme tuliyeshiriki naye meza. Wakufunzi wa serikali walipohamishwa kutoka TSC kwenda PSC mwaka 2018, orodha hiyo haikumhusu. Yeye ni wa bodi, na bodi inalipa ikipata. Wino wa printa ananunua kwa mfuko wake. Aliniambia, "Mwalimu, siku hizi mimi ni karani mwenye spana."

Fomu yangu ya malipo nayo ilikuwa fasihi fupi, ukurasa mmoja, sahihi tatu. Sahihi ya pili kila mara ilikuwa imeenda semina. Miezi minne. Ajabu ni kwamba ofisi iliyotaka picha ya mwanafunzi ameshika koleo haikuwahi kunidai picha yangu nikiwa darasani saa kumi na moja jioni, na ningekuwa nayo!

Yule msichana aliyechomelea kile kipande aliandikiwa "bado". Simu iliyokuwa na picha zake nyingine iliibiwa stejini. Nilikutana naye Nkubu mwezi uliopita, jua kali, anamalizia geti la mtu, mshono umenyooka hadi unataka kuushika. Nikamuuliza kama atarudi kutathminiwa. Akasema anangoja kujua mkaguzi anakuja lini, na kama bado wanataka picha za rangi, maana saiba ya pale stejini siku hizi ni bob ishirini kila moja, na yeye anahitaji arobaini.