Beki Hupimwa Kabla Mpira Haujamfikia

Ukienda uwanja wa Joseph Kabila hapa Kindu kuitazama AS Maniema Union, jilazimishe jambo moja: dakika kumi za kwanza usiufuate mpira. Mtazame beki wa kati wakati mpira uko mbali, upande wa pili wa uwanja. Ubora wake unaonekana hapo.

Beki mzuri hasimami kifua mbele kama askari wa gwaride. Husimama upande, mguu mmoja nyuma, magoti yamelegea, visigino havijakita chini. Ukipigwa mpira mrefu nyuma yake, yeye tayari ameshageuka nusu. Tazama na shingo yake: kila mara inageuka kumtafuta mshambuliaji aliyejificha mgongoni. Anayekodolea macho mpira peke yake, hata awe na nguvu za nyati, huyo ni tundu ukutani.

Mashabiki hushangilia sana beki anayejitupa chini na kuufagia mpira. Mimi huhesabu amejitupa mara ngapi, kwa sababu mara nyingi analipia hatua mbili alizochelewa. Beki bora humaliza mechi na bukta safi.

Kipimo kikubwa zaidi kiko kwenye viwanja vyetu vya mtaa, vya udongo mwekundu, ambako mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Mchunguze kijana anavyoupokea mpira wa juu. Akirudi nyuma akingoja udunde, bado hajaiva. Akiufuata hewani na kuupiga kichwa kuelekea pembeni, si katikati, mwalimu amshike huyo asimwachie.

Beki wa pembeni husifiwa kwa kupanda. Mpime kwa kurudi, na kwa umbali anaomwachia mpiga krosi. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Léopards, timu yetu ya taifa ya DRC, walifungwa 1-0 na Ivory Coast. Max-Alain Gradel alipiga krosi, Sébastien Haller akaunganisha, mpira ukagonga chini na kumpita juu kipa Lionel Mpasi. Wengi walimtazama Mpasi. Mjuzi anarudi nyuma kidogo: krosi ile ilipigwa kwa nafasi gani, na nani alikuwa karibu na Haller?

Mpasi huyo huyo, tarehe 28 Januari katika kombe hilo hilo, ndiye aliyefunga penalti iliyoitoa Misri. Furaha ile haitasahaulika, lakini kipa hapimwi kwa penalti. Mpime kwa mahali anaposimama mabeki wake wanapopanda, na kwa sauti yake. Kaa nyuma ya goli usikilize. Kipa anayesema "toka!" kabla ya hatari anaokoa magoli ambayo hayataandikwa popote.

Kiungo mkabaji nitamsema kwa ufupi: akicheza vizuri, mabeki wake hawana kazi.

Juu ya hayo yote kuna uongozi. Mtazame Chancel Mbemba, nahodha wa Léopards: mkono wake hautulii, anamsogeza huyu, anamvuta yule, mstari unapanda na kushuka pamoja. Mabeki wanne wakipishana hatua mbili tu, kuotea hakupo tena na mshambuliaji anabaki peke yake na kipa.

Mechi ijayo, chagua beki mmoja, umfuate yeye tu kwa dakika zote 90.