“Kojolea humo humo”: kosa la Mlandizi

Bwana mdogo wetu yuko kwenye mafunzo ya msalani. Miaka miwili na nusu, siku 21 kavu mchana, ajali mbili tu, na zote mbili za kunogewa na mchezo. Leo twende moja kwa moja Mlandizi, ndani ya basi la kwenda harusini Tanga, ambako mama yake, mdogo wangu wa tumbo moja, alitamka maneno matatu yaliyobomoa kazi ya wiki tatu: “Kojolea humo humo.” Nimesikiliza utetezi wake, nimesikiliza na wa mume wake. Naliita kosa, na nitalieleza hatua kwa hatua.

Maandalizi, ukiacha jambo moja nitakalolifikia, sina neno nayo: suruali nne, khanga mbili, chupa ya maji ya kuchambia, mfuko wa nguo mbichi, kiti cha ujiani upande wa mbele. Safi.

Sasa tuirudishe safari taratibu. Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 12 kasoro asubuhi. Mtoto amepelekwa msalani, amekojoa vizuri, amepigiwa makofi kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Wakati wa kumvalisha, mdogo wangu anafungua mkoba na kutoa pampasi. “Ya akiba tu, dada. Safari ndefu.” Mtoto aliiangalia kama mtu aliyerudishiwa barua aliyokwisha kuituma. Nilinyamaza. Mtoto si wangu, na pampasi peke yake si kesi. Wapo wazazi wenye akili zao wanaomvalisha mtoto pampasi safarini na mafunzo yasiharibike. Kesi inategemea utakachofanya mtoto atakapoomba.

Akaomba. Tulikuwa tumeiacha Kibaha, tunaingia Mlandizi. Nilikuwa kiti cha nyuma yao, nikiona kila kitu katikati ya viti viwili. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akabana mapaja. Kisha mkono ukashuka mbele ya suruali. Mkufunzi yeyote wa kazi hii anajua kwamba kuanzia hapo una dakika chache sana. Halafu akageuka, akamshika mama yake kidevu ili amwangalie, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwangu: “Mama, kojo.”

Mama yake alikuwa kwenye simu, anajibu kundi la harusi. Hakunyanyua macho. “Kojolea humo humo, baba. Leo una pampasi.”

Mtoto alimtazama mama yake, akatazama suruali yake, akanitazama mimi. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike safu hii yote: akabana. Alibana kutoka Mlandizi mpaka Chalinze. Basi likasimama Chalinze, abiria wawili wakashuka, wauza mayai na karanga wakapita madirishani, na mtoto akasema mara ya pili, “Kojo.” Basi limesimama! Mlango uko wazi! Akajibiwa: “Si nimeshakwambia?” Kabla ya Msata maji yakamshinda. Pampasi ikapokea ilichoweza, kilichobaki kikashuka kwenye kitenge cha mama yake. Na mama, Mungu amsamehe, akasema, “Aah, umekojoa sasa.” Alimwambia akojoe, akakojoa, akalaumiwa.

Tupige hesabu, maana watu wanadhani mtoto alikuwa na deko. Madaktari wana kanuni ya kukadiria kibofu cha mtoto: chukua umri wake kwa miaka, ongeza 2, zidisha kwa 30, unapata mililita. Huyu wa miaka miwili na nusu anapata 135. Asubuhi ile Mbezi alikunywa boksi zima la juisi, mililita 200. Si zote zinazofika kibofuni, na haziendi kwa mkupuo, lakini hata aliyekimbia somo la hesabu anaona kwamba mtoto yule asingefika Segera akiwa mkavu. Mtoto alitoa taarifa sahihi kwa wakati sahihi. Na wale mnaotaka kuniambia angenyimwa maji, mniache. Kumkausha mtoto kwenye joto la Desemba ni kumpa choo kigumu. Choo kigumu kinauma, na mtoto aliyeumia msalani mara moja anaanza kubana na haja kubwa. Mnywesheni, ila mpangilie muda.

Nieleze kwa nini naliona kosa hili kubwa kuliko kitenge kilicholowa. Mafunzo ya msalani kwa mtoto yana kazi nne, na zote ni ngumu kwake: kuhisi, kubana, kusema, kusubiri. Kazi ya tano ni ya mkubwa, nayo ni nyepesi kuliko zote: kuinuka. Wiki tatu nzima tumemwambia, wewe sema, sisi tutainuka. Mlandizi alizifanya kazi zake zote nne, katikati ya watu asiowajua, kwenye gari linalotikisika, bila poti yake mbele ya macho. Mimi nikibanwa ugenini huwa naona haya kuuliza choo kiko wapi. Yeye hakuona haya. Alipiga pasi safi, mama akaiangalia ikitoka nje.

Mdogo wangu anajitetea hivi: dereva asingesimama. Huenda. Madereva wa siku hizi wana haraka, na konda anatangaza kuchimba dawa anapojisikia yeye, si unapobanwa wewe. Lakini dereva hakuombwa. Na hata angekataa, kulikuwa na njia ya pili, poti yake ya kijani. Iko wapi poti? Kwenye buti la basi, chini ya masanduku na keki ya harusi! Poti ya safari inakaa miguuni mwako, imetandikwa mfuko, na kitambaa kikavu ndani cha kunyonya ili isimwagike basi likipita kwenye matuta. Unashika khanga kama pazia, mtoto anakaa, dakika moja, umefunga mfuko. Abiria wa jirani hata hajui.

Tuseme poti haipo. Njia ya tatu ndiyo ninayotaka mzazi aibebe hata akisahau mengine yote. Mtoto akiomba naye amevaa pampasi na gari haliwezi kusimama, usimwambie akojolee humo. Mwambie, “Nimekusikia. Ahsante kwa kuniambia. Gari likisimama tunashuka.” Yakimshinda, mwambie ulimsikia na kwamba gari ndilo lililochelewa. Gari likisimama tu, mshushe, hata kama keshalowa, amalizie chini. Hapo umelowesha kitenge lakini umelinda makubaliano. Kitenge kinafuliwa.

Wenye gubu watasema naanza tena na pampasi zangu. Ndiyo, naanza. Pampers ziliingia sokoni Marekani mwaka 1961. Mwaka uliofuata daktari wa huko, T. Berry Brazelton, akachapisha makala ya kuwashauri wazazi wasiharakishe, wamsubiri mtoto mwenyewe awe tayari. Katika watoto 1,170 aliowafuatilia, wastani wa kuacha nepi mchana ulikuwa miezi 28.5. Ushauri wa kutomlazimisha mtoto naukubali kwa mikono miwili. Kinachoninunisha ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari huyohuyo alionekana kwenye matangazo ya Pampers, za saizi ya watoto wakubwa. Kusubiri kuna faida kwa mtoto. Kuna faida pia kwa muuzaji.

Sasa tazama upande wetu. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics, la hukohuko Marekani, lilichapisha utafiti wa akina deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, ndugu wa hawahawa Wadigo wa Tanga tuliokuwa tunakwenda kuozesha kwao. Mama wa Kidigo alianza na mtoto akiwa na wiki chache tu. Anakaa chini, ananyoosha miguu, anampakata mtoto katikati, anamtolea sauti ya “shuu”, mchana na usiku, bila kumchapa wala kumtisha. Kufikia miezi mitano au sita mtoto alikuwa mkavu mchana na usiku. Wataalamu walishangaa. Bibi yangu angeshangaa kwamba kuna anayeshangaa.

Bibi yangu wa Muheza hakuwa na poti maishani mwake. Alikuwa na miguu. Safari yoyote, msiba au harusi, ukimwona kakaa pembeni ya nyumba ya watu, miguu imenyooshwa, khanga kaikunja magotini, jua kuna mjukuu amekalishwa juu ya nyayo zake mbili, uso kwa uso. Nyayo zile zilikuwa zinakwenda kila mahali alikokwenda, kwa hiyo mtoto hakuwahi kuwa ugenini. Choo kilikuwa kilekile, bibi yuleyule, “shuu” ileile. Akimaliza, vumbi juu, maji ya kopo, habari imekwisha. Sijasema turudi kuanza na watoto wa wiki tatu. Akina mama wa leo wako kazini na bibi yuko kijijini. Nasema bibi hakuwahi kumjibu mtoto “humo humo”, kwa sababu hakukuwa na “humo”.

Mama yangu naye alitupakia wanne kwenye mabasi ya miaka ya 1980. Silaha yake ilikuwa kopo la maziwa la bati lenye mfuniko. Na porini alikuwa na mshiko ambao vijana wa leo hawaujui: suruali inavuliwa mguu mmoja mzima, mgongo wa mtoto unaegemea kifua chako, mikono yako chini ya mapaja yake, magoti yake juu kuliko makalio, na uso wake unaangalia mbali na barabara. Hakuna kinacholowa, si kiatu si suruali. Tuliposimama kuchimba dawa Mkata, mdogo wangu alimsimamisha mtoto kwenye nyasi ndefu, suruali magotini, akamwambia, “Haya, kojoa sasa.” Mtoto akakataa. Ningekuwa yeye ningekataa.

Vyoo vya stendi nimeviandika mpaka wino umekwisha, lakini bado. Unamlipia mtoto asiyefika urefu wa meza ya mlinzi, unaingia unakuta tundu la kumtosha yeye mzima, au choo cha kukaa kisicho na kifuniko, kirefu mpaka kifuani mwake. Halafu tunashangaa anabana. Mkalisheni ameangalia nyuma, kuelekea tangi, mikono ashike ukuta. Hofu ya kutumbukia inapungua. Na anayemwita mtoto “kikojozi” mbele ya watu, awe mjomba, awe shangazi, simsalimii hata leo.

Mnataka kujua Tanga yalikuwaje. Jumamosi jioni hakusema neno lolote la kojo, alilowa mara tatu. Jumapili asubuhi tulimkuta nyuma ya pazia la sebule, amechuchumaa, amekaza uso, anajisaidia kimyakimya ndani ya suruali ya harusi. Alijificha, na hapo ndipo mdogo wangu alipolia. Mtoto aliyekuwa anamshika mama kidevu ili asikilizwe, sasa anatafuta pazia. Shangazi yetu wa Ngamiani aliichukua kazi: akawa anamkalisha kila ikipita robo saa hadi nusu saa baada ya mlo, maana tumbo likipokea chakula huwa linaamsha na utumbo wa chini. Hakumuuliza “unataka?” Alisema, “Twende tukakae.” Siku tisa ndipo alipoanza tena kusema mwenyewe. Siku tisa kwa maneno matatu.

Mdogo wangu ameisoma safu hii kabla yenu na amenuna. Atanuna, halafu atakuja kula kwangu Ijumaa kama kawaida. Pasaka wanapanda basi lilelile kwenda Tanga tena, nami nitakuwa kiti cha nyuma yao. Safari hii sitanyamaza.

Nanyi mtakaosafiri na wadogo wenu: poti miguuni, simu mkobani. Na mtoto akisema “kojo”, inukeni.