Tetea wa Shingo Tupu Kapsoit

Kuku aliyedondoka kutoka tenga la mchuuzi kwenye barabara ya Kericho–Kisumu haji na maelezo ya ukoo wake. Mama mmoja wa Kapsoit alimwokota tetea wa namna hiyo, shingo nyekundu tupu, mwili wa mistari myeusi na myeupe. Majirani wakaanza: ni kuroila, ni Kenbro, ni kienyeji tu.

Kilichosaidia ni kumshika na kumkagua. Jeni la shingo tupu likitoka kwa mzazi mmoja tu huivua shingo, ila huacha kishungi cha manyoya mbele, juu kidogo ya kifua. Likitoka kwa wazazi wote wawili, kishungi hicho karibu kinapotea. Huyu alikuwa nacho kizima, kwa hiyo ni chotara. Mistari nayo, ya aina ya Plymouth Rock, iko kwenye kromosomu ya jinsia, na kuku jike huirithi kwa baba pekee: jogoo aliyemzaa alikuwa nayo. Mbegu gani hasa? Hapo majirani waendelee kubishana. La maana ni kwamba ngozi wazi ni faida Mombasa, lakini Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, anahitaji kona isiyopitisha upepo, maranda makavu na chakula cha kutosha.

Kisha akatengwa. Newcastle inaweza kujificha mwilini hadi wiki mbili kabla ya dalili kuonekana, basi mwezi mzima si uoga. Alilishwa wa mwisho, kwa chombo chake, akapakwa dawa ya utitiri, na kundi likachanjwa. Wapo wanaomchanja mgeni asubuhi na kumwachilia jioni. Wanajidanganya, kwani kinga huchukua siku kadhaa kujengeka, na aliyekwisha kuambukizwa haokolewi na tone la chanjo jichoni.

Kumwingiza ndiko kugumu. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alionyesha miaka ya 1920 kwamba kuku hupangana kwa vyeo, nani amdonoe nani. Watu hushauri mgeni atiwe bandani usiku. Mimi ushauri huo siuamini sana: kukicha wote wanamwona, naye hana pa kukimbilia. Mama huyu aliweka waya katikati ya banda wazoeane kwa macho, akamhamishia mgeni tetea mmoja mpole wa kundi awe mwenzake. Baadaye wawili hao waliachiliwa pamoja uani, alasiri, vyombo vya chakula vikiwa viwili, mbalimbali, na rundo la majani ya napier la kujifichia.

Kudonoana kidogo kuliachwa kuendelee. Damu tu ndiyo ingemfanya aingilie, maana kuku wakiiona hawaachi. Tetea mmoja mkubwa alizidi kumwandama mgeni hadi kwenye maji. Aliyeondolewa ni yule mkubwa. Alifungiwa peke yake siku chache, na aliporudishwa ilimbidi aanze kutafuta nafasi yake upya.