Kuitambua draiva bora ya waifai

Mteja wa Carama akikuita kwa sababu intaneti yake inazorota kila jioni, jambo la kwanza kujua ni kama kasoro iko hewani, kati ya simu na rauta, au iko mbele zaidi kwenye laini ya kampuni. Katika mtaa wa makazi kama huu, kaskazini mwa Bujumbura, rauta za nyumba kadhaa hugombea chaneli tatu tu zisizoingiliana kwenye gigahezi 2.4: 1, 6 na 11. Fundi huhitaji kuisikiliza hewa bila kujitoa mtandaoni. Laptopu inabaki imeunganishwa kupitia kiolesura chake cha kawaida, wlan0, na pembeni yake panaundwa kiolesura pepe, mon0, katika modi ya monita, kinachopokea hata fremu zisizoihusu laptopu hiyo. Violesura ni viwili, redio ni moja. Draiva hupimwa hapo.

Kwenye Linux, anza na amri ya `iw list`. Soma modi zinazoweza kuongezwa wakati wowote, kisha michanganyiko ya violesura inayoruhusiwa. Hiyo ni ahadi ya draiva, sasa idai. Andika `iw phy phy0 interface add mon0 type monitor`, washa mon0, halafu jaribu kuihamishia chaneli nyingine huku wlan0 ikiwa imeunganishwa. Draiva bora itakataa na kukuambia kifaa kina shughuli. Mafundi wengi huuona ujumbe huo kuwa ubovu, na wanakosea: redio moja haiwezi kukaa chaneli 6 na chaneli 11 kwa wakati mmoja. Mbovu ni ile inayoitikia, kisha ikabaki pale pale au ikaukata muunganisho kimya kimya. Ukisoma vipimo vyake utamweleza mteja habari za chaneli ambayo hukuisikiliza kabisa.

Jaribio la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote: tafuta fremu za ACK, zile za kuthibitisha kupokelewa. Ni ndogo mno, baiti 14 pamoja na za kukagua makosa, na hufuata fremu nyingi za data zinazomfikia mlengwa wake. Chipu kwa kawaida huzichuja ili zisiisumbue kompyuta, kwa hiyo draiva inapaswa kulifungua chujio hilo mara tu mon0 inapowaka, hata kama wlan0 inaendelea na kazi yake. Ukiona matangazo ya rauta na data bila ACK hata moja, chujio halijafunguliwa sawasawa, na hutaweza kutofautisha fremu iliyopotea na iliyofika.

Kisha kagua radiotap, maelezo ambayo draiva huyabandika mbele ya kila fremu: nguvu ya mawimbi, kasi, chaneli, saa ya kupokelewa. Toka sebuleni uende hadi lango la ua. Nguvu ya mawimbi ya rauta ishuke kadiri kuta za matofali zinavyoongezeka. Namba isiyobadilika ni namba ya kubuni. Kabla ya kuhukumu, zima hali ya kuokoa umeme kwenye wlan0 na uzuie programu za kutafuta mitandao, kwa maana kila utafutaji huizungusha redio kwenye chaneli nyingine, na mon0 huzungushwa nayo.

Chanzo cha tofauti hizi ni mahali kazi inapofanyika. Draiva kama ath9k, rt2800usb na mt76 hutegemea mac80211, tabaka lililoingia kwenye kiini cha Linux toleo la 2.6.22 mwaka 2007. Tabaka hilo ndilo linaloigawia mon0 nakala ya fremu zilizopokelewa, na draiva hubaki na kazi ya kuiendesha redio. Brcmfmac ya Raspberry Pi ni ya ukoo mwingine: fimwea ya chipu hushughulikia yenyewe mambo mengi ya waifai, ndiyo maana watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walilazimika kutengeneza viraka vya Nexmon ili modi ya monita ipatikane. Ni draiva nzuri kwa kuunganisha nyumba, lakini usiichague kwa kazi hii.

Na kwa kuwa mon0 inawasikia hata majirani, hifadhi vichwa vya fremu tu, vya mtandao wa aliyekuita. Vinatosha kabisa kuhesabu marudio ya fremu.

Kwa gigahezi 2.4 bado ninaipenda adapta ya USB yenye chipu ya AR9271: draiva yake ni ath9k_htc, na msimbo wa fimwea yake uko wazi, kwa hiyo tabia yake inaweza kukaguliwa mpaka ndani. Haisikii gigahezi 5 hata kidogo. Rauta ya mteja ikiwa huko, chukua adapta ya mt76 na uipitishe kwenye majaribio yale yale kabla hujalipa.