Neno la Mwisho la Zé do Caixão

Atakaye kupima kazi ya msanii maskini hana budi kujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kumdharau kwa uchache wa vyombo vyake. La pili ni kumsifu kwa uchache huohuo, kana kwamba ufukara ni kipaji. José Mojica Marins wa Brazili, mwigizaji na mwongozaji wa sinema za kutisha, amefanyiwa yote mawili. Alizaliwa São Paulo mwaka 1936, mwana wa msimamizi wa jumba la sinema, akafariki mwaka 2020.

Umaarufu wake ulianza mwaka 1964 kwa sinema iitwayo À Meia-Noite Levarei Sua Alma, yaani "Usiku wa Manane Nitaitwaa Roho Yako". Mwenyewe alimwigiza Zé do Caixão, au Zé wa Jeneza, mzika maiti wa mji mdogo, mwenye joho jeusi, kofia ndefu na kucha za kuogofya. Mtu huyu hamwamini Mungu wala shetani. Shabaha yake ni kupata mwanamke kamili wa kumzalia mwana, damu yake isikatike. Siku ya Ijumaa Kuu anakula nyama ya mwanakondoo dirishani huku akiwacheka waumini wapitao kwa maandamano. Tukio hilo halikuhitaji fedha nyingi: dirisha, kipande cha nyama na kicheko vilitosha. Lakini katika nchi ya Kikatoliki lilishtua kuliko mizuka yote iliyofuata. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Marins: alijua hofu ya watu wake imelala wapi.

Kasoro zake nazo si haba. Hotuba za Zé hurefuka hadi kuchosha, na wanawake wa sinema hizi aghalabu huwekwa ili wateswe tu. Katika sinema ya pili waigizaji walitambaliwa na buibui hai. Kosa hili lisisingiziwe umaskini, kwani lilitokana na chaguo la mwongozaji.

Sinema hiyo ya pili, Esta Noite Encarnarei no Teu Cadáver, ilitolewa mwaka 1967, wakati Brazili ilipokuwa chini ya wanajeshi waliotwaa serikali mwaka 1964. Picha ni nyeusi na nyeupe, ila Zé anapoiota jehanamu rangi hulipuka ghafula. Na jehanamu yenyewe si ya moto bali ya baridi. Mwishoni Zé anazama majini. Wakaguzi wa serikali walilazimisha kwamba kabla ya kufa amkiri Mungu. Basi mtu aliyekana kwa sinema mbili nzima anaungama kwa pumzi moja, na mtazamaji anauona mshono waziwazi. Wakaguzi walidhani wanaitetea dini. Kumbe waliishusha hadhi, maana imani iliyotiwa kinywani kwa amri ni utii tu.

Marins alijibu kwa sanaa. Katika O Despertar da Besta, iliyokamilika mnamo mwaka 1970, watumiaji wa dawa za kulevya wanaonyeshwa sura ya Zé, nao wanaona maono ya kutisha. Baadaye yadhihirika kwamba walidungwa maji matupu: uovu walioulaumu ulikuwa wao wenyewe. Hoja hiyo iliwagusa wakaguzi, nao waliizuia sinema isionyeshwe hadharani kwa miaka mingi. Marins akabaki kuhangaikia riziki, hata akatengeneza sinema za uchi katika miaka ya 1980.

Mwaka 2008, akiwa mzee, alitoa Encarnação do Demônio na kumfufua Zé, asiye na toba hata chembe. Sinema hiyo haifikii makali ya ile ya kwanza. Fedha zilizoongezeka hazikuongeza hofu. Hata hivyo ina thamani yake. Kwa kuwa zaidi ya miaka 40 ilikwisha kupita, wengine wangeliacha ungamo lile lisimame. Marins alirudi kulifuta, na kiumbe wake akarejeshewa neno lake la mwisho, baya au jema, lakini lake.